Waliokataa Kuongea na Mimi

Wiki mbili zilizopita nilirudisha ufunguo wa ofisi yangu. Mtunza ghala aliupokea, akaugeuzageuza, akaniuliza ni wa mlango gani. Nikamwambia ni wa chumba cha ushauri. Akashangaa: "Kumbe kile chumba kinafungwaka?" Alikuwa na haki ya kushangaa. Kitasa kile kiliharibika zamani, na ufunguo niliutunza kwa heshima tu.

Ninyi vijana mnaobaki mliniomba niwaachie maandishi kidogo kuhusu miaka yangu na wagonjwa wa saratani. Mmoja wenu alitaka nieleze mbinu zangu. Mbinu mmezisoma, tena vizuri kuliko mimi, na vyeti vyenu ni vikubwa kuliko changu. Mimi nitaandika juu ya wagonjwa waliokataa kuongea na mimi. Walikuwa wengi, na hao ndio walionifundisha kazi. Waliokubali niliwapenda pia, ila mtu anayeitikia kila unachosema hakufundishi sana.

Nilianza kama muuguzi. Nimezaliwa Bukavu, mtaa wa Nguba, kwa wazazi Wanyarwanda, na nilipovuka kuja Cyangugu, hapa Rusizi upande wa Rwanda, nilikuwa mtu mzima mwenye diploma ndani ya bahasha na Kinyarwanda cha kuombea chumvi. Siku ya kwanza nilipangiwa wodi ya wanawake, chini ya muuguzi mkuu aliyeitwa Maman Consolée. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono kama ya mkulima. Alinitazama kutoka kichwani mpaka chini, akasema, "Ibi biatu bitakuua." Kufika saa nane mchana nilikuwa pekupeku nyuma ya pazia, nikijifanya natafuta pamba.

Maman Consolée alinifundisha kumgeuza mgonjwa bila kumfunua, kubadilisha shuka mtu akiwa juu yake, na kuyatafuta maumivu kwenye vidole vya miguu badala ya usoni, maana uso wa mama wa huku unajua kuficha. Kitu kimoja tu sikukipenda kwake: ukali. Sikuwahi kumsikia akimwambia mgonjwa pole. Alikuwa anasimama mlangoni na beseni kiunoni, anapaza sauti: "Weye wa kitanda cha tatu, kunywa iyo buji! Sikuipikia nzi!" Na yule wa kitanda cha tatu, aliyekataa hata maji tangu jana yake, anakunywa uji huku anacheka. Mimi nilidhani ni bahati, au ni woga. Nilijiambia kwamba nikipewa nafasi nitawatendea wagonjwa kwa upole zaidi.

Nafasi nilipewa. Hospitali ilitafuta mtu wa kupeleka Kigali kwa miezi michache kusomea ushauri wa wagonjwa, na mkurugenzi akanichagua mimi kwa sababu, alisema, nina sauti ya upole. Nilifurahi sana. Kule tulifundishwa kukaa chini ili macho yetu yawe sawa na ya mgonjwa. Tulifundishwa kushusha sauti, kutoanza na ugonjwa, kuuliza kwanza habari za nyumbani, za watoto, za usingizi, kisha kuacha ukimya ufanye kazi yake. Niliandika yote katika daftari, na chini ya maneno "kaa chini" na "shusha sauti" nikapiga mstari mwekundu kwa rula.

Nilirudi nikapewa chumba kilichokuwa stoo ya vyandarua. Harufu ya dawa ya mbu haikutoka humo mpaka nimestaafu. Nilipewa pia viti viwili vya plastiki vya kijani, kisanduku cha vitambaa vya karatasi, na daftari kubwa la mistari: jina, sekta anakotoka, ugonjwa, maoni. Katika maoni nilikuwa naandika "Amekubali" au "Amekataa". Nilitegemea "Amekataa" zitakuwa chache. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nazikunja kurasa ili nisizione.

Mgonjwa wa kwanza kunikataa kwa ufasaha alikuwa Mzee mmoja wa Nkungu, mkulima, mwenye saratani ya kibofu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kofia magotini, kisha akasema, "Binti yangu, niko na batoto saba na bibi mumoja. Bote bananiuliza kila siku niko aje. Mi niko natafuta fasi ya kunyamaza." Akatazama kile chumba, akaona kina ubaridi mzuri, akaniuliza kama anaweza kukaa humo kidogo bila kusema kitu. Nikamweleza kwa upole kwamba chumba kile ni cha kuongea. Akashukuru, akavaa kofia, akaenda. Nikaandika "Amekataa".

Mwingine alikuwa mama wa Nyakabuye, mwimbaji wa kwaya, aliyesimama kizingitini na kugoma kuingia kabisa. Zamani, katika korido ileile, watu walikuwa wanaitwa kupewa majibu ya kipimo cha virusi, na watu wa huku hawasahau mlango. "Batu ya kwetu biko pale ku bench," alininong'oneza. "Bakiona naingia, batasema niko na ile ingine." Nikaandika "Amekataa", na pembeni nikaongeza "anahitaji elimu". Siku hizo niliona karibu kila mtu anahitaji elimu isipokuwa mimi.

Ndipo akaja Maman Zawadi.

Alikuwa na miaka kama arobaini, mjane, mama wa watoto watatu, na Zawadi ndiye mkubwa wao. Aliishi Mururu na aliuza sambaza, vile visamaki vidogo vya Ziwa Kivu, katika soko la Kamembe. Wateja wake wengi walikuwa wanawake wanaovuka kutoka Bukavu asubuhi na mabeseni kichwani na kurudi kabla ya jioni. Yeye pia alikulia Bukavu, lakini upande wa Kadutu, na mtu wa Kadutu hachelewi kukwambia. Siku tulipoonana mara ya kwanza kwenye foleni ya maabara, nilitamka maneno mawili tu akanikatiza: "Aah, weye ni wa Nguba. Munaongeaka kama muko ndani ya kanisa." Nilimpenda palepale.

Alikuwa na uvimbe katika titi la kushoto. Kipande kilikatwa, kikapimwa, jibu likarudi, na daktari wetu akamwambia bila kuficha kwamba ni saratani, lakini ni ya kutibika akiwahi. Akapelekwa katika hospitali kubwa, mbali, safari ya siku nzima na mabasi mawili, kuanza dawa za mshipani. Wagonjwa wetu wanaziita serumu, na aina wanayoanza nayo wanaiita serumu nyekundu, kwa sababu ni nyekundu kweli kama fanta ya sitroberi. Maman Zawadi alikwenda peke yake, akapewa serumu ya kwanza, akarudi peke yake. Zilibaki tano, kila moja baada ya wiki tatu, kisha upasuaji.

Alipokuja kwetu kupimwa damu, nywele zilikuwa zimeanza kutoka na utani wake ulikuwa umekwisha. Daktari aliniambia, "Yule mama amenyamaza mno. Hebu kaa naye." Hilo nililingojea kwa hamu. Nilimwingiza ndani, nikamketisha, nikaketi, nikausogeza uso wangu, nikashusha sauti kama nilivyofundishwa.

"Maman, umelala aje?" nikamuuliza. "Batoto bameamuka bien?"

Alinitazama, kisha akatazama mlango. "Bako bien."

"Ku nyumba nani anakusaidiaka?"

Hakujibu. Nikaacha ukimya ufanye kazi yake. Niliona mikono yake ikikunja pindo la kitenge, ikikunjua, ikikunja tena, na nikajipongeza moyoni kwamba sasa analainika.

"Docteur njo amekutuma?" akauliza.

"Ndiyo, njo amenituma."

"Aksanti, Maman. Nimesikia." Akasimama.

Nikamwambia bado sijasema kitu. Akajifunga kitambaa chake vizuri, akasema, "Umesema. Nimesikia," akatoka. Sikuelewa hata kidogo. Nilifungua daftari nikaandika "Amekataa", nikaenda kula.

Wiki ya serumu ya pili ilipofika, hospitali kubwa ilipiga simu: mgonjwa wenu hakuja. Simu ya Maman Zawadi ilikuwa imezimwa. Siku zikapita tatu, tano, saba. Daktari aliniita, na hakuzungushazungusha. Akipata dawa kwa wakati, alisema, ana nafasi nzuri ya kupona. Akiziacha hapo, uvimbe utarudi na nguvu, na hatutakuwa na kitu cha kumpa ila dawa za maumivu. Mimi nilitikisa kichwa kitaalamu na kusema kwamba mgonjwa anaukana ugonjwa wake. Neno hilo nililipenda sana siku hizo, lilinisaidia kutojiuliza mengine. Daktari akasema, "Sawa. Mtafute."

Siku ya tisa nikaenda Kamembe sokoni. Nilimkuta mahali pake, kati ya mwanamke wa mihogo na mwanamke wa ndizi za kuiva, akichambua sambaza, wakubwa huku, wadogo kule, kitambaa kimefika mpaka kwenye nyusi. Hakuniona nikija. Nilichutama pembeni ya beseni lake, nikauleta uso wangu usawa wa uso wake, nikashusha sauti.

"Maman Zawadi, umeamuka aje? Batoto biko aje?"

Sambaza zilimponyoka mikononi. Akanishika kifundo cha mkono, akakibana mpaka kikaniuma, na midomo yake ikawa na rangi ya majivu.

"Nani?" akasema. "Sema tu. Ni Zawadi?"

"Zawadi amefanya nini?"

"Nani amekufa? Usinizungushe, Maman. Sema!"

"Hakuna mutu amekufa!"

Akaachia mkono wangu. "Sasa ju ya nini unaikala ivyo?" akauliza. "Ju ya nini unaongea ivyo? Kama ni mimi, ulishanibikia ile siku. Haiko lazima kurudiya."

Hapo nikaelewa.

Ninyi mliozaliwa hapa mnajua kubika ni nini, lakini nitaliandika, maana hata mimi nilijua na halikunisaidia. Ni kwenda kumpasha mtu habari ya msiba. Wanaotumwa hawabishi hodi na kusema fulani amefariki. Wanaingia taratibu, wanaketi. Wanamkalisha na mwenye nyumba. Wanauliza mmelalaje, watoto wameamkaje, huku sauti ziko chini, kisha wananyamaza kidogo ili moyo wake ujiandae. Mwenye nyumba akishawaona wameketi vile, ameshajua. Anauliza jina tu. Nimelelewa hivyo. Mama yangu alipokufa, walioniletea habari waliketi hivyohivyo kwenye kochi langu. Halafu nikaenda Kigali, nikafundishwa kuketi, kushusha sauti, kuuliza habari za watoto na kunyamaza, na nikapiga mstari mwekundu kwa rula. Miaka yote ile nilikuwa napita katika wodi za Rusizi nikiwabikia watu vifo vyao wenyewe.

Maman Zawadi alinieleza mengine bila kunitazama, vidole vimerudi kwenye sambaza. Tangu siku ile alikuwa anatengeneza mambo ya watoto. Alimfundisha Zawadi kuanika na kutia chumvi, na kumjua mteja mdanganyifu. Yule mdogo wa mwisho alimshonea sare za shule tatu, kila moja kubwa kuliko nyingine, ili zifike mbali. "Weye unafikiri niko na siku mbili za kupoteza ndani ya bus?" aliniuliza. "Docteur mwenyewe alishakutuma."

Sijui nilitegemea kusema nini. Nilikuwa na aibu ya kutosha kujaza lile beseni. Nilichojua ni kwamba nimesimama, mikono kiunoni, na kutoka kifuani mwangu ikatoka sauti ambayo Nguba haikuifundisha.

"Weye mwanamuke! Nani alikuambia safari imekwisha? Mi njo nilikuambia? Nilisema nini? Nilisema kitu? Siku tisa bako nakungojea kule, siku tisa, na weye uko hapa unachagua sambaza mukubwa na mudogo! Uko na akili kweli?"

Soko likageuka. Mwanamke wa mihogo akaacha kumenya. Maman Zawadi na yeye akasimama.

"Unapiga kelele ju yangu? Hapa? Ku kazi yangu?"

"Nitapiga mpaka mangaribi! Docteur amesema uende, unaenda. Angekuwa haoni faida, angepoteza karatasi ju yako?"

"Kumbe unaweza kunigombeza?"

"Nitakugombeza mpaka uchoke!"

Akaanza kucheka. Alicheka ameshika tumbo, kisha machozi yakaja juu ya kicheko na hakuyapangusa, kwa sababu mikono ilikuwa na chumvi. Alinisogelea, na safari hii yeye ndiye aliyeshusha sauti. "Mutu mwenye anakufa," akasema, "habamugombezaka."

Mwanamke wa ndizi alituamua bila kuombwa. Alidhani ni ugomvi wa mawifi. "Maman Zawadi, wifi yako iko mukali," alisema, "lakini iko na haki. Enda ile safari." Sikumsahihisha.

Nilipopata pumzi, nikamuuliza Maman Zawadi, tena nimesimama wima kama askari, kama sasa angependa kuja siku moja tuongee. Nilidhani kwa kuwa kosa limejulikana, mlango umefunguka. Akasema hapana. Alisema bila chuki hata kidogo.

"Hapa mi ni Maman Zawadi wa sambaza," alisema. "Kule kwako niko mugonjwa. Sasa unataka niache fasi yenye niko muzima, niende kuikala fasi yenye niko mugonjwa? Na nikianza kusema, nitalegea. Nikilegea, nani atabeba iyi beseni?"

"Basi unataka nini?"

"Siku ya safari inanishindaka kutoka ku nyumba. Si bus, si serumu. Ni kutoka. Batoto banasimama ku mulango, bananitazama, miguu inakataa. Ukuje unigombeze."

Hiyo ndiyo huduma ya kisaikolojia niliyompa, na haimo katika daftari langu la Kigali. Daktari alimpangia tarehe mpya. Asubuhi ya safari, jua likianza tu kuonekana, nilipanda Mururu kwa miguu, nikasimama uani na kupaza sauti: "Weye wa Kadutu! Bus haiko mama yako, itakuacha!" Ndani nikasikia watoto wanacheka. Akatoka na mfuko wake, akinijibu ovyo, na tukateremka kuelekea gare ya Kamembe, kwenye kituo cha mabasi, tukigombana njia nzima. Safari ya tatu watoto walikuwa wamejifunza, nilikuta wanamfokea wao wenyewe. Zawadi alikuwa na sauti kali kuliko yangu.

Njiani tuliongea juu ya wanaume, Kadutu, wahubiri wenye spika kubwa, na mwalimu wake mmoja wa shule ya msingi aliyekuwa anasinzia amesimama. Ugonjwa hatukuugusa. Mara moja tu, kwenye mteremko, bila kugeuza kichwa, alisema serumu nyekundu inamwachia mdomoni ladha ya msumari, hata maziwa ya mtoto angeyasikia chuma. Mafunzo yangu yote yaliamka. Nilitaka kusimama, nimshike bega, nimuulize anajisikiaje. Nikaitikia "Mm" na kuendelea kutembea. Baada ya hatua chache akasema na lingine, kwamba usiku anaogopa kulalia upande ule. Nikaitikia tena. Akarudi kwenye habari za mwalimu. Hayo mawili ndiyo yote niliyowahi kusikia.

Kazini nililifungua lile daftari na kukunjua kurasa nilizozikunja. Nilianza kuwatafuta wale wa "Amekataa", mmojammoja, kupitia wajumbe wa afya wa vijijini. Mama wa kwaya wa Nyakabuye alikuwa hai, tukaanza kuonana nyuma ya jiko la hospitali kwenye kamba za kuanikia shuka, ambako hakuna mtu anayejali nani anaongea na nani. Mzee wa Nkungu nilimchelewa. Mke wake aliniambia kwamba miezi ya mwisho alikuwa anajificha nyuma ya zizi la mbuzi ili akae kimya, na watoto wanamfuata hukohuko kumuuliza yuko aje. Nilikuwa na chumba chenye ubaridi na viti viwili, nikamnyima. Hilo linaniuma mpaka leo, na sitaki mniambie kwamba sikujua.

Kwa hiyo mkiona nilikuwa napita kwa kila mgonjwa, hata aliyevunjika mguu kwa kuanguka kwenye pikipiki, sababu ndiyo hiyo. Nilitaka wodi nzima izoee kwamba yule mama anapita tu kwa watu wote, hakutumwa na kifo. Mkiona naingia na beseni au shuka mkononi, ni ili mikono iwe na shughuli na macho yasikutane kwa nguvu. Kuketi nilikuwa naketi mgonjwa akinisogezea kiti mwenyewe. Na katika safu ya maoni niliacha kuandika "Amekataa". Niliandika "Leo hapana". Mkaguzi mmoja aliniuliza hiyo ni lugha gani ya kitaalamu. Nikamwambia ni ya Maman Consolée, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu na analima maharage, na nilipokwenda kumsimulia habari yote alinisikiliza akipalilia, akasema, "Miaka yote iyo njo unaona leo?"

Bado wapo waliokataa mpaka mwisho, kwa kila njia, na wengine wao walikufa bila kuniambia neno. Sikuwa na haki ya maneno yao. Wengine walikuwa na mchungaji, dada, au redio. Wengine walikuwa wameweka ukuta ili usiku upite, na kazi yangu haikuwa kuubomoa. Nawaambia hili kwa sababu nimewaona baadhi yenu mkitoka wodini mmenuna mgonjwa akiwakataa. Ni mapenzi, najua. Lakini mgonjwa asibebe na huzuni yenu pia.

Maman Zawadi alimaliza serumu zote tano zilizobaki. Mbili zilicheleweshwa kwa sababu damu yake ilikuwa chini, na mara moja alitapika njia nzima mpaka dereva akamwombea kiti cha mbele. Akafanyiwa upasuaji. Titi lilitoka. Alirudi sokoni kabla ya siku alizoambiwa, na mwanamke wa mihogo akawa anambebea beseni bila kuulizwa. Kisha ikabaki safari moja, ya kupimwa tena na kuambiwa kama ugonjwa umeondoka au umehamia mahali pengine. Asubuhi ile nilimfokea kama kawaida. Sauti yangu haikuwa nzuri, na aliigundua, maana hakunijibu.

Keshokutwa yake alasiri nilikwenda gare. Hatukuwa tumekubaliana, na nilimwacha mgonjwa kwenye foleni, jambo ambalo nisingependa ninyi mlifanye. Basi liliingia limejaa vumbi. Watu waliteremka, na magodoro, na jogoo, na mwisho kabisa akateremka yeye, kitambaa shingoni badala ya kichwani, nywele mpya fupi kama za mvulana wa shule. Aliniona. Akanyanyua bahasha ya hospitali juu ya vichwa vya watu.

"Amesema nirudi kisha miezi sita!"

Mnajua maana yake. Mgonjwa anayeambiwa arudi baada ya wiki mbili, tunaogopa. Anayeambiwa miezi sita, daktari ametafuta na hakukuta kitu.

Nilikuwa nimetayarisha maneno makali ya kumpokelea, kwamba amechelewa, kwamba amekonda. Badala yake machozi yalianza kunitoka, na si machozi ya adabu. Nililia pale gare, mbele ya makondakta, na vazi langu la kazi nimelivaa. Maman Zawadi akapasua njia, akanishika viwiko vyote viwili, akanitazama usoni kwa makini sana.

"Maman, ni nini?" akauliza. "Niambie. Nini inakuuma?"

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Kwamba kwa siku tisa nilikuwa nimemuua. Kwamba kila nilipopanda kile kilima cha Mururu niliogopa nitakuta ua limejaa watu. Kwamba nampenda. Yalikuwa yote hapa kooni, na miaka mingi nilikuwa nimewaahidi wengine kwamba ukiyatoa utapata nafuu.

"Hapana," nikasema. "Sitaki kusema."

Hakuniuliza tena. Alinipangusa shavu moja kwa ncha ya kitambaa chake, kisha akanikabidhi mfuko wake.

"Basi beba."

Nikaubeba. Ulikuwa mzito kweli, alikuwa amewanunulia watoto viazi njia nzima, na tulipandisha nao mpaka Mururu bila kusema neno.